Mto Uliokuja Mara Mbili

Nilikuwa Mbooni kwa wakwe zangu, siku iliyofuata Krismasi, nikisugua sufuria za wageni kwa majivu nyuma ya jikoni. Unajua Mbooni ilivyo: hata Desemba mtu huvaa sweta, na alasiri ukungu hushuka polepole juu ya mahindi kama mtu anayetandika kitanda. Redio ya shemeji yangu ilikuwa dirishani ikiimba nyimbo za kanisa. Mara wimbo ukakatwa. Mtangazaji akasema bahari imeinuka upande wa Asia, imeua watu wengi sana, na mawimbi yanakuja hata kwetu. Walio ufuoni Mombasa na Malindi watoke majini haraka.

Shemeji akacheka. "Sisi wa milimani bahari itatupatia wapi? Ipande Mbooni na miguu?"

Wengine wakacheka naye. Mimi nikajisikia nikisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Na wasirudi. Hata maji yakiondoka, wasirudi leo."

Wote wakanigeukia. Mimi Mkamba wa Kitui, binti wa mahali pakavu, nimejulia wapi mambo ya bahari? Sikuweza kuwaeleza pale, mikono imejaa majivu na watu wanangoja chai. Wewe nitakueleza, maana tuna wakati. Niliambiwa na mwalimu wangu wa darasa la nne, kisha nikaona kwa macho yangu, mahali ambapo bahari haijawahi kufika.

Nililelewa na Susu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Wazazi wangu walikuwa Nairobi wakitafuta maisha, nami nikaachwa kwake, kusini mwa Kitui, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mutomo. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Nyumba ya Susu ilikuwa ya udongo, paa la nyasi, na ilisimama mahali ambapo, ukifungua mlango, kitu cha kwanza kuona kilikuwa mto.

Lakini mto wenyewe haukuwa na maji. Karibu mwaka wote ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja, unajikunja kati ya miti mpaka unapotea. Mgeni angepita juu yake bila kujua amevuka mto. Maji yalikuwa chini, yamejificha. Ulichimba kwa mikono, kisha kwa kata, ukachimba mpaka mchanga ukageuka rangi na kuwa baridi, halafu ukakaa ukingoja. Maji yalikuja yenyewe, kidogo kidogo, kama mtu mwenye haya. Ukiyateka kwa haraka yalichafuka. Ukingoja, yalikuwa safi na matamu, na mpaka leo sijakunywa maji yanayoshinda yale.

Kila nyumba ilikuwa na kisima chake pale mchangani, kimezungushiwa miiba ili mbuzi wasiingie. Tukitoka shule tulishuka na madebe, wasichana pamoja na mama zao na nyanya zao, na pale ndipo palipokuwa soko letu, kanisa letu, na redio yetu. Habari zote zilipita pale. Kengele za mbuzi zililia huku na kule, njiwa waliongea mikuyuni, wavulana walicheza mpira wa matambara, na mchanga ulimeza kelele zote zikawa laini, kama unasikia ukiwa usingizini. Jioni tulipanda na maji kichwani, na kutoka mbali nilishajua kama Susu ameweka motoni muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, maana harufu ya mbaazi ilikuja kutulaki njiani.

Susu wangu hakuwa mtu mpole. Alipenda sukari nyingi, alipenda ugomvi mdogo mdogo, na alisuka kiondo huku akitembea, huku akigombana, huku akiimba kanisani, bila kuangalia mikono yake. Kwa mambo mengine alikuwa akibadilisha mawazo kila siku. Kwa mto hakubadilisha. Mvua za Novemba zikikaribia, alitukataza kuketi mchangani bila sababu. "Teka maji, toka," alisema. "Mto hauangalii mbingu ya hapa. Unaangalia mbingu ya kule."

Kule kulikuwa vilima vya mbali, ambavyo kwetu vilionekana kama moshi tu. Mvua ilinyesha kule, sisi huku tukiwa na jua na vumbi, na baadaye maji yalifika bila kubisha hodi. Yalikuja mara moja kwa kila mvua, yakapita, na kesho yake mchanga ulikuwa umelala tena, mpya, umefagiliwa, na visima vyote vimefutika. Tulianza kuchimba upya. Kwetu watoto ilikuwa sikukuu. Tulisimama ukingoni tukapiga makofi mto ukipita, umebeba magogo, mabuyu, na mara moja kiatu kimoja kizuri cha mwanamume ambacho kilizungumziwa kwa muda mrefu.

Mwalimu alikuja mwanzoni mwa mwaka, kutoka pwani. Alikuwa msichana bado, mwembamba, amejifunga leso ya maua makubwa juu ya gauni, na Kiswahili chake kilitufanya tukae wima. Sisi Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokota: cha sokoni, cha redio, cha askari wa zamani. Yeye alisema "tafadhali" hata kwa mtoto. Alisema "bahari" na neno likawa na maji ndani yake.

Siku ya kwanza alipofika kwetu kuamkia, alimwinamia Susu akasema, "Shikamoo, bibi."

Susu akaacha kusuka. "Bibi? Mimi si bibi ya mtu. Bwana yangu alikufa, na hata akiwa hapo alikuwa na shida kuniita."

Mwalimu hakuelewa. Nikamnong'oneza kwamba kwetu bibi ni mke. Akafunika uso kwa leso, akacheka mpaka akakaa chini, na Susu naye akacheka, na tangu siku hiyo walikuwa marafiki. Mwalimu akamwita Susu, kama sisi. Mwezi wa kufunga ulipofika, Susu, ambaye alikuwa mtu wa kanisa kabisa na hakukosa Jumapili, alimwekea uji wa wimbi kila jioni, amefunika kwa sahani, akakaa mlangoni akingoja jua lizame kama kwamba aliyefunga ni yeye.

Mwalimu hakuwa ameona mto wa mchanga. Alishuka nasi na ndoo yake, akajifunza kuchimba, akajifunza kungoja. Alipenda pale. Alasiri moja alituleta darasa zima mchangani kwa somo la jiografia. Akatuambia tujenge kijiji kwa mawe madogo: nyumba, msikiti, kanisa, duka. Kisha akavua leso yake ya mabegani, akaitandaza mbele ya kijiji.

"Hii ni bahari," akasema. "Kila siku huja kidogo, hurudi kidogo. Haina neno. Lakini iko siku, ardhi ikitikisika huko chini, bahari hujikunja hivi." Akaivuta leso nyuma, mbali, ikaacha mchanga wazi. "Mnaona chini ya bahari. Mnaona samaki wanarukaruka, wa bure. Mtafanya nini?"

"Tutaokota!" tukapiga kelele.

"Haya, okoteni." Nasi tulipoinama, akairusha leso, ikafunika mikono yetu, kijiji, kanisa, msikiti, duka. "Haikukimbia. Ilikwenda kuchukua mbio. Ukiiona imejikunja, acha samaki, acha kila kitu, panda juu."

Tukacheka, tukajenga kijiji upya. Akaivuta tena leso. "Sasa imerudi kwake. Mmeokoka, mko juu mlimani. Mtafanya nini?"

"Twende nyumbani, mwalimu!"

Akairusha mara ya pili. "Mmekufa nyote," akasema, kwa upole kabisa. "Haiji mara moja. Ya pili huweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Watu wengi huuawa na ya pili, wakirudi kutazama vitu vyao."

Alisema hakuwahi kuiona yeye mwenyewe. Aliambiwa na babu yake, ambaye naye aliambiwa na mabaharia wa ng'ambo. Lakini alipokuwa akikunja leso niliona ameacha kutabasamu.

Nilimpelekea Susu hadithi hiyo na muthokoi mdomoni. Susu hakupenda. Kesho yake aliingia shuleni na kiondo chake, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, hii mto yetu inakuja mara moja. Ikipita, imepita. Usiogopeshe watoto."

Mwalimu akasimama, kama anavyosimama mtu mbele ya mkubwa. "Huenda ikawa hivyo, Susu. Mto wenu siujui. Naijua bahari, tena kwa kuambiwa tu. Nifundishe mto."

Susu hakuwa amejitayarisha kwa jibu hilo. Akasuka nyuzi kadhaa, akasema, "Kuja jioni." Nao wakawa wanakaa ukingoni jioni nyingi, Susu akionyesha kwa kidevu: pale maji hupita kwa nguvu, pale huzunguka, pale hukata ukingo. Akamfundisha harufu. Akamfundisha njiwa. Nilikuwa nakaa kati yao nikichezea mchanga kwa vidole vya miguu, nikisikia Kiswahili cha aina mbili kikijibizana juu ya kichwa changu, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha ikafika Novemba. Siku yenyewe ilikuwa ya joto jeupe, la kuumiza macho. Kwetu hakukuwa na wingu hata moja, ila kule mbali vilima vilikuwa vimepotea tangu jana yake, na mahali pake palikuwa peusi. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, kwa hiyo watu wengi walikuwa njiani. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi, Mwislamu aliyetoka kaskazini, alikuwa amepumzisha kundi lake ng'ambo ya pili akingoja jua lipoe.

Tulikuwa visimani. Mwalimu alikuwa na ndoo yake, Susu alikuwa ameinama akiteka. Jirani yetu alikuwa mbali kidogo, karibu na katikati ya mto, ambapo kulikuwa na kisiwa kidogo cha mawe na mkuyu mmoja mnene. Huyu jirani alikuwa mwanamke wa sauti. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo, na hata nyumbani ulijua anafanya nini kwa wimbo anaoimba. Alikuwa ameshuka ndani ya kisima chake, ambacho kilikuwa kirefu mpaka mabega, akiimba humo chini, na punda wake alikuwa amefungwa juu na madebe mgongoni. Alimpenda punda yule. Alimnunua kwa viondo alivyosuka miaka mingi, na ndiye aliyemwondolea maumivu ya mgongo.

Njiwa waliondoka. Wote, kutoka miti yote, kwa pamoja, na mabawa yao yakasikika kama nguo inayokung'utwa. Halafu upepo mdogo ukapita usoni mwangu, wa baridi, wenye harufu ya vumbi lililonyeshewa, na hapakuwa na mvua popote.

Susu akanyoosha mgongo. Akainua mkono. Kila mtu aliyemwona akanyamaza. Wavulana wakaushika mpira. Nami nikasikia, mbali sana, sauti kama ya watu wengi wakipura mtama.

"Juu," Susu akasema. Kisha akapiga kelele kwa sauti ambayo sikuijua. "Juu! Acheni vitu! Juu!"

Tukakimbia. Debe langu lilikuwa limekaribia kujaa, nikaliacha. Mwalimu aliangusha ndoo yake bila kuitazama, akashika watoto wadogo mkono huu na mkono huu, akapanda nao ukingo kwa magoti. Ni hapo juu ndipo tulipogundua kwamba wimbo ulikuwa bado unaendelea. Jirani hakusikia kitu kule ndani ya kisima.

Tukamwita sote kwa pamoja. Kichwa chake kikatokea, akatazama kwetu, kisha akatazama juu ya mto, akatoka shimoni kama paka. Angeweza kufika ukingoni, nafikiri. Lakini alimwendea punda kwanza. Alimfungua, akamvuta, na punda akakataa kuondoka kisiwani, kama punda wanavyojua kukataa. Hapo mto ukatokea kwenye kona.

Haukufanana na maji. Ulikuwa ukuta mfupi wa vijiti, povu na takataka, rangi ya kahawa ya maziwa, unatembea kwa kujibingirisha, na vumbi likikimbia mbele yake. Ulionekana kama unakuja polepole, kisha ukawa umefika. Jirani akamwachia punda, akapanda mkuyu na leso yake mdomoni. Maji yakapita pande zote mbili za kisiwa, yakapanda mpaka tumbo la punda, na punda akasimama pale amejibana na shina, masikio nyuma, anatetemeka. Lakini akasimama.

Tulilia, tukapiga makofi, sijui kwa nini. Watu wakaja wakikimbia kutoka mnadani, na mume wa jirani akiwa mbele yao na kamba. Mto ukanguruma kwa muda, halafu, kama ilivyokuwa kawaida yake, ukaanza kushuka. Kisiwa kikatokea. Mawe yakatokea. Maji yakawa ya magotini, yakitiririka kwa upole kabisa, na jua likayang'arisha. Hata kambale wawili watatu walibaki kwenye vidimbwi, na wavulana wakaanza kuteleza ukingoni kuwafuata. Ng'ambo, mbuzi wa mfanyabiashara waliteremka kunywa.

"Shuka!" mume akamwita mkewe. "Imepita! Mlete punda!"

Jirani akaanza kushuka.

Susu naye akasema, "Ndiyo, umepita. Shuka, mwanangu."

Hapo mwalimu akasimama kwenye njia ya kuteremkia mtoni, akanyoosha mikono yote miwili. Watoto waliokuwa wameshateremka akawavuta kwa kola za shati. "Asishuke! Nawaombeni, asishuke bado. Na ninyi msiingie!"

Mume alikuwa na mguu mmoja majini. "Mwalimu, wewe si mtu wa hapa. Mimi nimezaliwa kwa hii mto. Ondoka njiani."

"Ni kweli, baba. Mimi ni mgeni." Hakuondoka njiani. "Basi ngojeni kidogo tu. Kama nimekosea mtanicheka mwaka mzima, nami nitacheka pamoja nanyi. Kidogo tu."

Watu wakaguna. Mtu akasema huyu msichana anachelewesha mama wa watu juu ya mti. Mwalimu akamtazama Susu. Alimtazama tu, na naona mpaka leo jinsi Susu alivyokasirika kwa kutazamwa vile mbele ya watu. Lakini kwa kuwa alikasirika, aligeuza uso, na kwa kugeuza uso akautazama mto.

Akautazama kwa muda. Akateremka hatua chache, akainama, akachota maji kwa kiganja. Yalikuwa mekundu.

"Ngoja," akasema.

"Susu, wewe mwenyewe umesema..."

"Nimesema, na sasa nasema ngoja! Maji ya kwanza yalikuwa ya vilima tunavyoviona. Haya ni udongo wa kule mbali zaidi, wa mto ule mwingine unaoingia wetu. Toka majini!" Kisha akageukia mkuyu, akaweka mikono mdomoni. "Usishuke! Panda! Panda juu kabisa!"

Mume akatoa mguu. Sijui kama alimwamini, au alizoea tu kumtii Susu kama sisi sote. Mwalimu alikuwa bado ameshika kola ya mvulana mmoja na hakujua kwamba ameshika.

Wa pili haukuwa ukuta. Ulikuwa mto mzima, umeinuka, mwekundu kama tofali, na ulijaa kutoka ukingo mpaka ukingo bila kuacha nafasi. Ulibeba mti mzima na mizizi yake. Mbuzi waliokuwa wakinywa hawakupata hata nafasi ya kulia, na yule mfanyabiashara alionekana akikimbia juu ng'ambo, kanzu mkononi, akiwaita kwa majina. Sikujua mpaka siku ile kwamba mbuzi wa kuuza huwa na majina. Kisiwa kikazama. Punda akazama. Njia tuliyokuwa tunagombania ikakatika chini ya miguu yetu, kipande kizima cha ukingo, na tukarudi nyuma tukishikana.

Ule mti uliobebwa ukaugonga mkuyu, na mkuyu ukatikisika, matawi mawili yakaenda na maji. Tukamsikia jirani. Alikuwa anaimba. Wimbo ule ule aliokuwa akiimba kisimani, ila sasa kwa nguvu zote, na tukaelewa kwamba anatuambia bado yupo. Mume wake alikaa chini, kamba magotini. Wanawake wa ukingoni wakaitikia. Yeye anaanza, sisi tunaitikia, juu ya ngurumo ile, na maneno hayakuwa na maana tena, yalikuwa ya kuhakikisha tu.

Mara moja hakuanza. Tukangoja. Mwalimu, ambaye hakuujua wimbo wa kanisa hata mmoja, alinishika bega akaniuliza, "Unaanzaje? Unaanzaje?" Nikamwambia. Naye akauanzisha, vibaya, kwa lafudhi yake ya pwani, sauti imepasuka. Halafu kutoka mkuyuni sauti iliyokauka, ya mtu aliyechoka sana, ikaitikia.

Walimtoa jua lilipokuwa limezama lakini mwanga bado upo. Safari hii hakuna aliyeingia majini mpaka Susu na mwalimu walipotazamana na kukubaliana, na hata hapo mume aliuliza mara mbili. Walimvusha kwa kamba. Alipofika ukingoni hakulia, ila aliuliza, "Punda wangu?" Mume wake akautazama mto. Ndipo akalia, na mwalimu akamfunga leso yake mabegani, ile ile iliyokuwa bahari.

Asubuhi mume alileta kibuyu cha asali mlangoni kwa mwalimu. Alikiweka chini, akaamkia, akaondoka. Mfanyabiashara wa mbuzi alivushwa baadaye, akala kwetu, akaomba sala yake uani pamoja na mwalimu, na alipokwenda zake Susu alimpa beberu mmoja wa kwetu ili, alisema, asiende nyumbani mikono mitupu. Na kuanzia mwaka ule Susu alipotufundisha mto aliongeza maneno. "Ukipita, kaa. Angalia rangi. Usitumwe na mtu yeyote kurudi, hata mimi." Alisema hivyo, "hata mimi," bila kuona haya, na mimi niliyemjua nilishangaa kuliko nilivyoshangaa mto.

Mwalimu alikaa nasi miaka michache, kisha akahamishwa, akarudi kwao. Siku ya kuondoka Susu alivaa viatu. Alisema anamsindikiza mpaka kituo cha basi tu, halafu akapanda basi. Akakaa pwani wiki nzima, nami nikaachwa kwa jirani nikila vizuri. Aliporudi watu walijaa uani kumsikiliza. Alisema bahari ni kubwa, ndiyo, lakini haina adabu, inakuja na kwenda bila kusema imefuata nini. Alisema kila jioni aliketi ufuoni akiitazama, na hakukubali hata mara moja kuipa mgongo. Watu wa kwao mwalimu walimcheka. Mwalimu alikaa kando yake, akatazama upande uleule.

Hawako tena. Susu tulimzika Agosti moja ya upepo mwingi, na habari za mwalimu zilikoma, kama zilivyokoma habari za watu wengi tuliowapenda wakati simu ilikuwa kitu cha posta. Jirani alipata punda mwingine, akazeeka, sauti ikamwisha kabla yake. Mkuyu ulikatwa. Halafu, miaka ya tisini ikiwa inaisha, malori yakaja kuchukua mchanga, kujenga nyumba za mijini, na yakauchukua siku baada ya siku mpaka mto ukabaki mifupa, mawe meusi matupu. Visima havichimbiki. Watu wanateka maji kwenye tangi. Ule ulaini wa kelele niliokuambia, ule usingizi wa alasiri, nao ulichukuliwa, sijui kwenye lori lipi. Na maji ya Novemba bado yanakuja, ila sasa hayana mchanga wa kuyapunguza mwendo.

Nilikwenda huko baada ya ile Krismasi ya Mbooni. Nilikaa juu ya ukingo, mahali nilipodhani ndipo. Msichana mdogo wa shule, amebeba mtungi wa plastiki, akasimama kuniamkia, akaniuliza nimepoteza kitu. Nikamwambia naangalia mto. Akayatazama yale mawe, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

Nikamweleza. Njiwa, harufu, rangi ya maji, jinsi ya kupanda na jinsi ya kungoja. Alinisikiliza kwa heshima, mtungi kichwani, mpaka mama yake alipomwita kutoka ng'ambo. Akaniaga vizuri, akateremka, akakimbia nyumbani akikatiza katikati ya mto. Nilisimama nikamtazama mpaka alipofika upande wa pili.